Mwaka Nilipoifuta D

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi ya Jumatano, katika steshenari ya Mama Upendo mjini Newala, nilibonyeza kitufe cha kusakinisha mfumo mpya kwenye laptopu ya kazi. Saa ninaijua kwa sababu niliiandika. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilikuwa na daftari la mistari ambamo niliandika kila hatua kabla sijaifanya, kisha saa niliyoifanya, kisha kilichotokea. Kwenye ukurasa wa siku ile, mbele ya saa nne na dakika kumi na saba, nimeandika: "Imekubali." Mstari unaofuata ni wa saa nane kasoro tano mchana. Una herufi moja na alama ya kuuliza, na mwandiko wake haufanani na wangu: "D?"

Mwezi uliopita Mama Upendo alikuja ofisini kwangu Masasi, ninakotengeneza kompyuta. Amestaafu sasa, duka alishalifunga, na magoti yanamsumbua. Alikuwa amefunga laptopu ya mjukuu wake ndani ya khanga kama mtu aliyebeba sufuria ya moto. "Bakari, hii imejaa virusi," alisema. "Ipige upya." Nikamwuliza ninachomwuliza kila mteja: vitu unavyotaka kubaki navyo viko wapi? Akajibu, "Viko D," na yeye ndiye aliyeanza kucheka. Akakaa kwenye benchi, akapanga magoti yake vizuri, akaniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza kwa miaka kumi na mitano: "Hivi mwaka ule ulikuwa unaogopa nini zaidi? Mimi au polisi?" Nilisema polisi, kwa kuwa lilikuwa jibu fupi na wateja walikuwa wanasubiri. Halikuwa jibu la kweli. La kweli ni hili ninaloandika hapa.

Steshenari ilikuwa chumba kimoja chenye milango miwili. Mlango wa mbele ulitazama barabara. Wa nyuma ulitazama ua wa Mama Upendo, ambako kulikuwa na mapipa ya maji yaliyofunikwa kwa mabati na kufungwa kwa kufuli, maana kule juu kwenye mwinuko maji tuliyanunua. Mashine ya fotokopi ilikaa katikati kama mgeni wa heshima, na joto lake lilichanganyika na harufu ya kisamvu kutoka jikoni. Mimi nilikaa ukutani, kwenye meza ya shule iliyokatwa miguu ili ilingane na kiti. Saa saba Mama Upendo aliniletea sahani ya ugali wa muhogo, na nilikula huku nikichapa, mkono wa kushoto kwenye herufi na wa kulia kwenye tonge. Watu waliingia na mambo yao yote. Mwalimu alikuja na mtihani wa darasa la sita, mtu mwingine na barua ya kumkumbusha mkwe mahari iliyobaki, mwingine na tangazo la mbuzi aliyepotea. Waliyasoma kwa sauti na mimi nikachapa. Kwa hiyo nilijua habari za mji mzima bila kuuliza swali hata moja.

Virusi vilikuja na flashi za wateja. Mafolda yaligeuka vivuli visivyofunguka, mashine ikawa nzito, na kila baada ya miezi miwili au mitatu Mama Upendo alimpigia simu fundi Chande wa Masasi, aje "kupiga window". Chande alipanda Newala na begi la sidii, akafuta Windows iliyokufa, akaweka nyingine ya kukopi kama ile ya kwanza. Alikuwa mtu mchangamfu, na alinifundisha kanuni moja ambayo kila mtu wa steshenari kuanzia Nanganga hadi Kitangari aliijua: usiweke kitu chako kwenye C. C ndiyo inayopigwa. Weka D. "D haifi, mdogo wangu," aliniambia. "Mimi nimepiga mashine hizi mpaka vidole vimeota sugu, sijawahi kuona D imekufa." Na ilikuwa kweli. Kila alipomaliza tulifungua D na kukuta kila kitu mahali pake. Hata kompyuta yenyewe ilituambia hivyo. Ukifungua ilikuonyesha alama mbili za diski, zimekaa sambamba, moja C na moja D. Nilikuwa nimeziangalia kwa miaka miwili, na kwangu zilikuwa diski mbili, kama vile nyumba ina vyumba viwili na ukichoma kimoja unaweza kuwahi mlango wa kingine.

Habari za Linux nilizipata kwa Mwalimu Kessy, aliyefundisha fizikia sekondari na aliyetokea Moshi. Alikuja kutoa fotokopi ya mtihani, akakuta Chande amekaa kwenye kiti changu kwa mara ya tatu mwaka ule. Baada ya Chande kuondoka alinong'ona, kana kwamba ananiuzia magendo: "Unajua kuna mfumo ambao virusi vya flashi hizi haviuwezi? Na ni wa bure, si wa kuiba. Wenye kuutengeneza wanataka uuchukue." Akaniletea sidii na kitabu alichokitolea fotokopi mwenyewe, kurasa mia moja na sita, kwa Kiingereza. Nilikisoma kwa kamusi kwa muda wa wiki saba. Maneno mengi hayakuwemo kwenye kamusi, hivyo niliyaandika pembeni na kuyakisia, kisha nikakutana nayo tena mbele na kusahihisha makisio yangu. Nilijaribu mfumo ule kutoka kwenye sidii bila kuusakinisha, asubuhi kabla ya wateja, kwa wiki mbili zaidi. Printa ilifanya kazi. Flashi za walimu zilifunguka na virusi vikaonekana vimelala humo kama mende waliokufa. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata shuleni. Kulikuwa na kitu kikubwa nilichokielewa, na hakuna aliyenifundisha.

Jumanne, siku moja kabla, nilifanya kazi ambayo niliihesabu kuwa ya hekima. Nilichukua kila faili lililokuwa kwenye C, la Mama Upendo na la wateja, nikalihamishia D. Nilihakikisha mara mbili. Katika daftari nimeandika: "Vyote viko D. Salama."

Kati ya vitu hivyo kulikuwa na orodha ya mashamba. Kijiji kimoja cha kata ya Mkunya kilikuwa kinapimiwa mashamba ili watu wapewe hati za kimila, na Mtendaji wa kijiji alituletea kazi ya kuchapa. Mistari ilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Kila mstari na jina la mwenye shamba, ukubwa, na mipaka yake, minyaa ya kupandwa mpakani iko wapi, njia iko wapi, nani yuko kaskazini. Niliichapa kwa siku tisa. Kisha kikafanyika kikao cha mwisho cha kijiji, cha watu waliobishania mashamba, na mistari thelathini na moja ikabadilika. Mtendaji alileta mabadiliko kwenye karatasi kumi na nne za mkono. Nilichapa, akakagua, akasaini pembeni. Nilipomrudishia karatasi zake alizisukuma: "Za nini tena? Si mmeshachapa? Mimi nina mafaili ya kutosha kulalia." Kwa hiyo zikafuata njia ya karatasi zote za duka letu zilizochapwa na kukataliwa na wenyewe: zikawekwa kwenye boksi chini ya meza, na Ijumaa jirani yetu muuza vitumbua akaja kuzichukua, afungie vitumbua. Mtendaji alikuwa achukue nakala za kusainiwa baada ya wiki mbili, wino mpya ukifika. Alipokuwa anatoka alinigonga begani akacheka. "Hiyo ni nyaraka ya serikali, kijana. Ikipotea, unalala ndani." Niliandika hata hilo.

Jumatano mashine iliniuliza swali moja tu lililokuwa na uzito: nifute diski yote na kusakinisha, au nifanye vinginevyo? Nikawaza: diski ni C. Chini ya swali iliandika ukubwa wa diski inayofutwa, gigabaiti mia moja na sitini. Mimi nilijua kuwa C ilikuwa sitini na D ilikuwa mia moja. Nilizijua namba hizo kama ninavyojua namba ya viatu vyangu. Sikuzijumlisha. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka kumi na mitano na sina maelezo mengine: namba zilikuwa mbele yangu, kujumlisha nilikuwa najua, na sikujumlisha, kwa sababu D haifi.

Saa sita ilikuwa imekamilika, safi, haraka, na Mama Upendo akaja kuangalia. "Mbona imekuwa nzuri hivi?" alisema. Nikamchapia barua moja ya mteja ili aone. Saa nane kasoro tano mteja mwingine alitaka nakala ya mkataba wake wa nyumba, nikaenda kuifungua D. Haikuwepo. Nilitafuta kila mahali panapotafutika. Nikaandika saa kwenye daftari, na herufi moja. Mteja alisema, "Vipi, bwana mashine?" na nikasikia sauti yangu ikimjibu kwa upole kwamba umeme si mzuri, arudi kesho. Umeme ulikuwa mzuri. Feni ilikuwa inazunguka juu ya kichwa chake.

Niliizima mashine na kutoka kwenda kwa muuza vitumbua. Alikuwa na mteja. Nilisimama nikitazama mikono yake, jinsi anavyochomoa karatasi, anaikunja pembe, anaingiza vitumbua vitatu, na anampa mtu, na mtu anaondoka nayo. "Dada, karatasi zile za Ijumaa zipo?" Akaniangalia. "Karatasi za Ijumaa? Bakari, leo Jumatano. Unataka karatasi au unataka vitumbua?" Nikasema karatasi. "Haya, jamani, njooni muone," aliwaambia wenzake wa jiko la pili. "Wengine wanakula vitumbua wanatupa karatasi, huyu anataka karatasi tupu." Wakacheka, nami nikajilazimisha kucheka. Alinipa zilizobaki. Nilipata moja ya kwangu, ya kumi na mbili kati ya kumi na nne, na nusu ya nyingine ikiwa imelowa mafuta hadi maandishi ya upande wa pili yakaonekana kwa mbele. Niliisoma barabarani: "...hatua arobaini hadi mnyaa wa tatu..." Jina halikuwepo. Jina lilikuwa kwenye nusu iliyokwenda na mtu.

Sikumwambia Mama Upendo. Nilimwambia mfumo mpya bado unajipanga. Kuanzia siku ile kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya duka ilinifanya niinue kichwa, kwa kuwa Mtendaji alikuwa na pikipiki. Chakula kilinishinda. Alhamisi nilikwenda Masasi kwenye kafe ya intaneti, nikalipia saa mbili, na kwa mara ya kwanza nikasoma kwa hofu badala ya furaha. Nilijifunza kwamba kufuta si kuchoma. Mashine hufuta orodha ya vilipo vitu. Vitu vyenyewe hubaki gizani mpaka kingine kiandikwe juu yake. Kila dakika niliyoitumia mashine baada ya kusakinisha, pamoja na barua ile niliyomchapia Mama Upendo kwa maringo, ilikuwa inaandika juu ya kitu fulani. Nilijifunza pia kuwa ipo programu ya kufukua vilivyobaki, ya bure, iliyotengenezwa na watu wa mfumo uleule ulioniponza. Nilichapisha kurasa tisa. Mwalimu Kessy aliniazima diski yake ya nje bila kuniuliza mengi, ila aliniangalia na kusema, "Kosa ni langu nusu." Sikumpa nusu hiyo. Yeye alinipa sidii, lakini kidole kilikuwa changu.

Kufukua kulichukua siku nzima ya Jumamosi. Mama Upendo alipita na ndoo akasimama. "Siku ya nne leo inajipanga? Hata bi harusi hajipangi siku nne." Nikamwambia karibu itamaliza. Ilipomaliza, ilikuwa imetoa hati elfu sita mia mbili na arobaini, na hakuna hata moja iliyokuwa na jina. Zilikuwa namba tupu. Hakukuwa na njia ila kufungua moja moja. Nilipiga mistari kwenye daftari na nikaanza: fungua, tazama, funga, weka alama. Miaka miwili ya mji ule ilipita mbele yangu bila mpangilio. Maombi ya kazi ya mtu aliyeshakufa. Kadi ya mchango wa harusi ambayo nilijua iliishaje. Barua ya talaka iliyochapwa mara tatu, kila mara fupi zaidi. Nyingine zilifunguka zikiwa na alama za ajabu kurasa zote, na nyingine zilikatika katikati ya sentensi, na kila iliyokatika niliitazama mara mbili, kwa sababu orodha nayo ingeweza kuwa hivyo. Nilifanya hivyo siku tano, wateja wakiambiwa mashine ni mgonjwa, mimi nikiambiwa nimepungua.

Alhamisi iliyofuata, saa tatu asubuhi, kwenye faili la elfu nne mia moja na tisa, nikaiona. Mistari mia mbili na kumi na mbili, kichwa chake, vyote. Niliweka kichwa juu ya meza. Mama Upendo alidhani naumwa malaria. Ndipo nilipomwambia kwamba kazi ya kijiji ilikuwa imepotea na imepatikana, kwa haraka, kama mtu anayesimulia ajali ambayo hakuumia. Akauliza: "Imepatikana yote?" "Yote, Mama." "Basi ichape kabla haijapotea tena, na nisikusikie ukicheka." Wino mpya ulikuwa umeshafika, nikaichapa. Nakala ilikaa mezani ikiwa bado na joto.

Mchana wa siku hiyo akaja Mama Somoe. Alikuwa mjane wa makamo kutoka kijiji kile, na alikuwa ameteremka kwenye pikipiki akiwa amejaa vumbi. Wazee na akina mama wasiojua kusoma walikuwa na desturi hiyo: kabla ya kuweka dole gumba kwenye karatasi walikuja kwa aliyeichapa, si kwa aliyeiandika, wasomewe. Walisema mchapaji hana shamba. Aliketi kwenye benchi, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akafunga upya khanga yake. "Nisomee pangu, mwanangu. Nisikie kwa masikio yangu." Jina lake hasa lilikuwa Asumini, sikuwahi kumsikia mtu akilitumia, nilikutana nalo kwenye karatasi za kikao. Nilikumbuka mstari wake kwa sababu Mtendaji alisimulia jinsi kikao kilivyochafuka: shamba lilikuwa limeandikwa kwa shemeji yake, Mzee Selemani, ndugu wa marehemu mumewe, na baada ya majirani kusimama na kusema, likahamishiwa kwake. Mstari wa mia moja arobaini na saba. Nikaweka kidole. Pale palipopaswa kuwa na Asumini, pameandikwa Selemani.

Nilielewa mara moja. Nilikuwa nimefukua orodha ya kabla ya kikao. Mashine iliniokolea mwili ikaacha uhai, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Mama Somoe alikuwa anasubiri, mikono mapajani, ananitazama mdomoni. Nikafungua mdomo nikasoma. "Asumini," nilisema, "ekari mbili na nusu. Kaskazini, minyaa hadi njia ya kwenda kisimani. Magharibi, mikorosho minane mpaka kwa jirani." Nilisoma kile kilichopaswa kuwepo. Sauti haikutetemeka, hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo. Aliitikia kwa kichwa kila nilipotaja mpaka, kana kwamba anatembea nami. "Hapo sawa," alisema. "Hapo hapo." Akasimama, akafungua pindo la khanga, akaniwekea mezani korosho za kukaanga. "Mungu akuzidishie macho."

Mtendaji alikuwa aje Jumamosi. Ijumaa nilikwenda alfajiri na kufungua hati zilizobaki, elfu mbili na zaidi, bila kula. Orodha ya pili haikuwemo. Kumbe ilikuwa imekaa mahali ambapo mfumo mpya uliandika. Nikafikiria kubadilisha mstari wa Mama Somoe mwenyewe. Ningeweza, ilikuwa kazi ya nusu dakika. Lakini mistari iliyobadilika ilikuwa thelathini na moja, na mimi nilikumbuka wake tu, kwa sababu ulikuwa na hadithi. Karatasi iliyonusurika kwenye vitumbua ilinipa minne mingine. Watu ishirini na sita walikuwa wamebaki, na mmoja wao huenda naye alikuwa njiani kuja kusomewa.

Nilimweleza Mama Upendo ugali ukiwa katikati yetu. Hakupiga kelele. Alinawa mikono ingawa hajala. "Kwa hiyo uliniambia yote." "Nilidhani yote, Mama." "Na yule mama jana, ulimsomea nini?" Nikamwambia. Nikasema labda nirekebishe wa kwake, na hao wengine tuone. Akasema: "Ukirekebisha mmoja kwa kichwa chako, Bakari, daftari zima la kijiji linakuwa kichwa chako. Selemani atauliza nani kabadilisha, na utasema ni wewe, mchapaji. Vaa viatu. Tunakwenda."

Mtendaji alitusikiliza akiwa amesimama kando ya pikipiki yake, kisha akakaa chini. Hakuita polisi. Nilikuwa nimejiandaa kwa polisi. Nilikuwa nimevaa mashati mawili kwa baridi ya rumande. Alichofanya ni kuufungua muhtasari wa kikao na kunionyesha: "Migogoro thelathini na moja imesikilizwa na kumalizwa, orodha imeambatanishwa." Kilichoambatanishwa ndizo zile karatasi kumi na nne alizozisukuma. Alisoma sentensi hiyo mara mbili, ya pili polepole, na nikajua kuwa naye sasa anaogopa.

Kikao kiliitishwa upya baada ya siku kumi, ndani ya ghala la korosho lililokuwa tupu kabla ya msimu, lenye harufu ya magunia. Niliambiwa nisimame niseme mwenyewe. Nilieleza habari ya D kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza. Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo ulidhani nyumba mbili, kumbe moja yenye pazia?" Nikasema ndiyo. "Na ukachoma." Ndiyo, baba. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mzee Selemani alinyanyua mkono. Alikuwa mtu mpole, msafi, na kofia yake ilikuwa mpya. "Mimi sina neno," alisema. "Karatasi ilisema langu. Mkasema si langu. Sasa karatasi imerudi, inasema langu. Nawasikiliza ninyi wenyewe." Wakacheka tena. Mama Somoe hakucheka. Aligeuka akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. "Ulinisomea jina langu, mwanangu," alisema mbele ya watu wote. "Ulilisoma wapi?"

Nikasema, "Halikuwepo, Mama. Nilikudanganya." Kuna mtu aliguna. Hiyo ndiyo hofu ambayo Mama Upendo aliniulizia mwezi uliopita. Polisi wangenifunga, wakanifungua. Huyu alinijia kwa sababu hakuwa na macho mengine ya kusomea, na mimi nilimwazima ya uongo.

Kesi ilisikilizwa upya, na kila jirani alirudia aliyoyasema, isipokuwa mmoja. Jirani wa magharibi, aliyekuwa ameshuhudia kwamba mikorosho minane ya mpakani ilipandwa na marehemu mume wa Mama Somoe, alikuwa amezikwa wiki moja kabla. Hakuna mwingine aliyekuwepo siku ile ilipopandwa. Mtendaji aliuliza mara tatu. Shamba likabaki la Mama Somoe, jina lake likaandikwa, na mikorosho minane ikaandikwa kwa Selemani. Mistari mingine thelathini ilirudi kama ilivyokuwa, kwa kadiri wenyewe walivyokumbuka. Safari hii karatasi za mkono zilifungwa kwa kamba na kuwekwa kabatini, na nakala tatu zikachapwa hapohapo kwa mashine ileile, ikiendeshwa na mfumo uleule wa bure. Sikuuondoa. Haukuwa umenidanganya, uliniambia mia moja na sitini.

Msimu ulipofunguliwa nilipeleka mshahara wangu wa mwezi kijijini. Mama Somoe alinipa kiti na maji ya kunywa, na hakuugusa ule mkunjo wa noti. "Pesa yako siitaki," alisema. "Ningekuwa na miti, ningeokota mwenyewe." Aliniambia minane ile ilikuwa ikimpa kama kilo themanini mwaka wa kawaida, akarudi kupeta muhogo wake. Niliandika themanini. Kila mwaka tangu hapo, mnada wa kwanza wa korosho ukishatangazwa, ninaandika bei ya kilo, ninazidisha kwa themanini, na kuongeza kwenye ya nyuma. Siweki riba, wala siandiki gharama zangu za nauli na kafe, maana hizo zilikuwa zangu. Hadi msimu uliopita, misimu kumi na mitano, mikorosho minane imemkosesha Asumini shilingi milioni mbili, laki sita na arobaini elfu.